Kuku wa Ukutani

Watu wote wa mtaa ule walikuwa na mnyama wao, watake wasitake. Aliyewagawia wanyama hao alikuwa mchoraji mmoja mwembamba, mpole wa kuudhi, mwenye rangi chini ya kucha hata siku ya harusi yake. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi, na humo alichora wanyama waliovaa nguo. Fisi wake alifunga tai, na mfukoni mwa koti alichomeka kitambaa cha kujifutia midomo. Simba wake alinguruma akiwa amevaa kandambili, na nyuma yake mlango umefunguka nusu, mkono wa mkewe unachungulia na mwiko. Twiga alikuwa mwalimu mkuu, miwani yake imekwama katikati ya shingo, haijulikani kama inapanda au inashuka. Watu walikuja na picha zao, au za mabosi wao, wakacheka na kuchorwa. Na jambo moja halikubadilika miaka yote: hakuna aliyewahi kumkubali mnyama wake, na hakuna aliyewahi kumkataa wa mwenzake.

Mke wa mchoraji alikuwa kuku.

Picha yake ilichukua ukuta mzima unaotazamana na mlango, kwa hiyo ukiingia tu umeshakutana naye. Alikuwa kuku mnene anayeatamia, amefunga kilemba na aproni, mabawa yameshuka mpaka chini kama gauni pana, vifaranga sita wanachungulia pembeni. Kichwa kimelala upande kidogo. Jicho moja limefumba nusu, kwa ile raha ya mtu aliyeridhika na nyumba yake. Chini yake, kwa herufi nyekundu, yaliandikwa maneno tuliyoyajua tangu utotoni: Kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sasa kuku ana mdomo wa kuku, hana pua wala mashavu, lakini ukimtazama yule wa ukutani, kisha ukamtazama mwanamke anayekuletea chai, hukuhitaji kuambiwa.

Picha hiyo ndiyo iliyowajengea jina. Ilinakiliwa kwenye kalenda, vikombe, aproni, ukuta wa shule ya chekechea na mlango wa wodi ya wazazi. Na kadiri kuku alivyozidi kujulikana, mwanamke alizidi kupotea. Jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Kuku, na mumewe naye akaanza, kwanza kwa utani, halafu utani ukazoea ukakaa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekwisha kuolewa na kuajiriwa mbali. Wageni walimuuliza wale watano wengine wako wapi. Mwanzoni alieleza. Baadaye alijibu, "Wako shule," akaenda zake jikoni.

Mtu atasema, sasa hilo nalo ni tatizo? Kuku ni mpole, kuku ni mvumilivu, kuku ni mama. Ndiyo hasa ubaya wake. Ukitukanwa una la kujibu. Ukisifiwa utajibu nini? Siku moja alimpandishia sauti muuza mboga aliyemchanganyia nyanya zilizooza, na yule muuza mboga akashika kifua kwa huzuni. "Mama Kuku, hata wewe?" Akazichukua nyanya zake zilizooza akaondoka. Alipotaka kukata nywele na kuacha kufunga kilemba, mumewe alisema taratibu kwamba wageni wasingemtambua. Alipotaka kwenda kukaa kwa bintiye hata wiki moja, wifi yake aliuliza, "Na watu wanaokuja kukuona?" Mpaka asubuhi moja, akiwa peke yake anapiga mswaki, aliinua macho kwenye kioo na kukuta kichwa chake kimelala upande. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Aliogopa, akakinyoosha kwa mkono kabisa, kama mtu anayenyoosha fremu iliyopinda.

Wifi huyo, dada wa mchoraji, ndiye aliyekaa kwenye meza ya mauzo. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno ya kumfanya mteja anunue hata msumari wa kutundikia. Kaka yake alimchora kasuku mwenye simu katika kila ukucha, naye akaamuru picha hiyo ipelekwe kwenye korido ya kwenda chooni, ambako ingeonekana na wenye shida tu. Kwa hiyo alijua vizuri uchungu wa kupewa mnyama usiyemtaka. Ila yeye alikuwa na mamlaka ya kumhamisha wake, na wa wifi yake alikuwa ndiye anayeuza.

Kazi halisi ya Mama Kuku haikuonekana mbele. Ilikuwa chumba cha nyuma, kwenye meza ndefu, pamoja na mkasi mzito na cherehani ya miguu. Turubai zote alizochorea mumewe, yeye ndiye aliyezikata, akazivuta kwenye fremu, akazipaka rangi nyeupe ya kwanza. Hakutumia chaki. Alitazama, akakata, na kipande kikakaa mahali pake. Mabaki aliyashona mikoba ya kubebea picha za wateja, na mikoba hiyo ilikuwa imara kiasi kwamba watu walibebea viazi miaka mitano baada ya picha yenyewe kuchujuka.

Mkoba mmoja kati ya hiyo ulisafiri. Sijui ulipitia mikono ya nani, lakini ulifika mji mwingine, ukafika mbele ya mwanamke mwenye karakana ya mikoba, naye akaugeuza ndani nje, akatazama mshono, akaulizia namba ya duka, akanyanyua simu.

"Shoga yangu," sauti ikasema, "huu mkono naujua. Bado unapinda pembe mara mbili kama mtu anayeficha kitu."

Mama Kuku alikaa chini. Hawakuwa wamesemezana tangu usichana wao.

"Sikiliza, sina maneno mengi. Aliyekuwa anasimamia meza yangu ya kukatia amestaafu. Namtaka mtu mwenye jicho. Chumba kipo, kazi ipo. Nitakuwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi, maana ile siku nilikusubiri kituoni mpaka basi likaondoka na mimi dirishani, natazama nyuma. Safari hii usije ukaniacha nitazame nyuma tena."

Ili uelewe kwa nini mwanamke mtu mzima alishika simu iliyokwisha kukatika na kulia juu ya turubai mbichi, lazima nikuambie kuhusu ile siku.

Alikuwa msichana wa nyumbani kwa baba yake, na baba alikuwa amekataa. Kwenda mji mwingine kujifunza kushona mikoba, kwa fundi wasiyemjua, haikuwezekana. Yeye na shoga yake wakakubaliana kimyakimya. Asubuhi hiyo alitoka na begi lake mpaka barazani, hatua chache tu kufika getini, na geti likafunguka. Baba yake aliingia pamoja na kijana mwembamba mwenye mikebe ya rangi, aliyekuja kuandika kibao cha duka la nyumbani. Msichana hakuwa na pa kukimbilia. Akaliweka begi chini, akalikalia, akatandaza gauni lake pande zote likafunika kila kitu.

Akakaa. Kijana alipaka rangi, baba alisimama hapo akimwelekeza kila herufi, na jua likapanda. Msichana hakuweza kuinuka hata kunywa maji. Kituo cha mabasi kilikuwa nyuma ya nyumba za jirani, na basi likikaribia kuondoka lilipiga honi. Kwa hiyo alilaza kichwa upande, sikio kule, akisikiliza. Honi ikalia. Ikalia tena. Kisha mlio wa injini ukapita na kufifia, na jicho lake moja likajaa machozi akalifumba nusu ili baba asione.

Yule kijana, juu ya ngazi yake, alikuwa akitazama. Alirudi kwao akawaambia wazee wake kwamba amemwona binti aliyetulia, hana papara, ambaye akikaa mahali panakuwa nyumbani. Wakaenda kumposa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Huyu alifungwa kamba kabla hata hajahamia. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mumewe alimpa zawadi ya picha, naye alipoiona aliitambua siku, akatambua gauni, akatambua kichwa na jicho. Alitaka kusema. Lakini baba yake alikuwa bado hai na mkali, kisha mtoto akaja, kisha picha ikaanza kuuza, na siri ikiwekwa sana hugeuka kuwa samani ya nyumba, unaizunguka tu.

Sasa ilibidi aseme. Alimfuata mumewe chumba cha nyuma baada ya chakula cha mchana, wakati duka limetulia. Mchoraji alikuwa akichanganya kijivu cha punda. Punda alimpenda kuliko wote, na kila mwanafunzi aliyepita pale alifundishwa naye neno lilelile: mzigo usiuchore kwenye gunia, uchore kwenye bega, gunia hata likiwa la pamba, bega ndilo litakalosema.

"Mume wangu, ile siku ya kibao kwa baba. Nilikuwa nimekalia begi."

"Begi gani?"

"La nguo. Nilikuwa natoroka."

Brashi ikasimama.

"Mlipoingia nikalikalia. Sikuwa nimetulia, nilikuwa nimenasa. Na kichwa hiki unachokichora, nilikuwa nasikiliza honi ya basi langu."

Mchoraji alimtazama. Alimtazama kweli, kutoka kilembani mpaka miguuni na kurudi, kama hakuwahi kumwona. Moyo wa mwanamke ulipanda. Akasema haraka, kabla ujasiri haujamwisha, kwamba shoga yake wa siku ile amepiga simu, kwamba kuna kazi na chumba, na kwamba anataka kwenda. Angekuwa anarudi kila akipata nafasi. Hakuwa amechukia mtu. Alitaka kwenda tu.

"Ngoja," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja kidogo, mke wangu." Akatoka.

Alingoja. Alifikiri amekwenda kunawa uso, maana wanaume nao hulia. Kisha akasikia ngazi inaburutwa chumba cha mbele. Alipofika mlangoni, mumewe alikuwa juu, brashi mkononi, na chini ya mabawa ya kuku, upande wa kushoto, mpini wa begi ulikuwa umekwisha kuchomoza. Alikuwa akiongeza kizipu. Uso wake uling'aa kwa furaha, na furaha hiyo haikuwa na hila hata chembe, nalisema hili kwa haki yake.

"Upande huu ulinisumbua miaka yote," alisema bila kugeuka. "Nilijua kuna kitu hakipo. Kumbe ni hiki."

Wifi alicheka mpaka akaegemea meza. "Kuku ana safari! Jamani, kuku anaatamia begi!"

Mwanamke alirudi nyuma akachukua mkasi, na kwa mara ya kwanza tangu aishike meza ile alikata turubai vibaya. Alikuwa na hasira. Si hasira ya kuvunja vyombo. Ile inayokaa tumboni kama uji wa moto uliomezwa kwa haraka. Alikuwa ametoa kitu pekee kilichobaki kuwa chake, na kwa muda wa kuchemsha chai kilikuwa kimekuwa kichekesho.

Na kichekesho kikapendwa kuliko picha ya zamani. Walikuja waliokwisha kununua kalenda kudai yenye begi. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake: kuku ameweka akiba, kuku anamtisha jogoo, kuku anaficha mayai asiibiwe. Hakuna aliyesema kuku anataka kuondoka, kwa sababu kuku yule ana jicho la raha, na vifaranga sita. Wifi aliweka kigoda kidogo chini ya picha, juu yake begi la zamani alilolijaza magazeti, na wageni wakaomba Mama Kuku akae wapigwe naye picha. Akakaa. Watoto walivuta mpini kutoka chini ya gauni lake wakachekelea. "Laza kichwa kidogo," watu walimwambia, lakini kilikuwa kimelala tayari.

Alijaribu tena. Alimkuta mumewe anaosha brashi uani.

"Nilikuambia nataka kwenda."

"Nilikusikia, mke wangu," mumewe alijibu kwa upole uleule. "Si nimekuchorea?"

Alisimama pale akitazama maji ya rangi yanavyoingia kwenye udongo. Mumewe angempiga, angejua pa kuanzia. Lakini ugombane vipi na mtu anayeamini kwamba jambo akishalichora amekwisha kulitenda?

Alimpigia bintiye. Kabla hajafungua kinywa, binti alikuwa anacheka. "Mama, nimeiona picha mpya! Hapa kazini wote wamevunjika mbavu. Sasa unakwenda wapi, Mama Kuku?"

"Nakwenda kufanya kazi, mwanangu. Kukata mikoba."

Binti akacheka zaidi. "Ee, na jogoo umwachie mayai," alisema, na mtu akamwita huko kazini, akaaga.

Kwa wifi yake alikwenda bila matumaini, na huko ndiko alikopata jibu la kweli kuliko yote. Wifi aliacha kucheka. Alifunga droo ya meza, akamtazama kwa macho makavu. "Wifi yangu, mimi nimekaa na wanaume wa ukoo huu muda mrefu kuliko wewe. Hawazuii mtu. Wanampenda tu mpaka anakosa mlango. Lakini sikia, ukiondoka, wageni nitawaonyesha nini?" Na kabla hajajibiwa mteja aliingia, kasuku akarudi kwenye maneno yake.

Mwisho wa mwezi ukafika. Shoga hakupiga tena. Alikuwa amesema lake. Asubuhi Mama Kuku alipika, akafagia, akavuta turubai tatu kwenye fremu ili mumewe asipungukiwe. Kisha, wifi alipokwenda kufungua madirisha, aliliondoa begi la magazeti kigodani akalisukuma chini ya meza ya kukatia. Mahali pake aliweka jingine. Alikuwa amelishona mwenyewe siku hizo chache, la turubai nene, pembe zimepindwa mara mbili. Ndani aliweka nguo zake, kitambulisho chenye jina lake, na mkasi.

Siku hiyo walikuja walimu wa chekechea, kundi zima, na simu zao. Chai ikanywewa, vikombe vikanunuliwa, na kama kawaida wakamtaka mwenyewe. Alikaa juu ya begi, akatandaza gauni. Mumewe alikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa chumba, anamwekea kinyonga kofia. Walimu wakamzunguka, wakapiga picha, mmoja akaomba alaze kichwa.

Alikilaza. Na hapo, kwa kuwa sikio lilikuwa upande wa barabara, akasikia honi. Kituo cha huku nacho hakikuwa mbali. Miaka yote alikuwa akizisikia na kujifanya ni kelele tu.

Akasimama. Akaliinua begi kwa mkono wa kulia, akanyoosha kilemba, akaanza kwenda mlangoni.

Walimu waliangua kicheko. Mmoja akapiga makofi, wengine wakaitikia, na waliokuwa mlangoni wakampisha kwa kuinama kama wanampisha bibi harusi. "Safari njema, Mama Kuku! Utuletee zawadi!" Wifi alisema kwa sauti ya dukani, "Mnamwona? Wifi yangu ana vituko, huyu," lakini mwishoni sauti ilimpungua. Mumewe naye alicheka. Mwanamke alikijua kile kicheko, cha polepole, chenye mapenzi, na kilimfuata mpaka kwenye ngazi ya nje na barabarani.

Jua lilikuwa kali. Aliwasikia wakiacha kucheka mmoja mmoja, kama watu wanaozima taa vyumbani. Mumewe alikuwa wa mwisho. Dirisha la duka lilitazama barabara, na kutoka juu ya ngazi mtu angeweza kumwona mwanamke anayetembea, na kuliona bega lake la kulia lilivyoshuka. Magazeti hayashushi bega namna ile. Kicheko kikakatika katikati.

"Mama Kuku!"

Hakugeuka. Akasikia ngazi inagonga sakafu, na sauti ile ikiita tena, sasa bila upole, imejaa hofu tupu. "Mama Kuku! Mama Kuku!"

Na ndani ya duka mwalimu mmoja, ambaye hakuwa ameelewa, akajibu kwa furaha, "Si huyu hapa ukutani?"

Mwanamke alisita hatua moja. Alikuwa akisubiri aitwe jina lake, lile la kwenye kitambulisho, na mpaka leo hajui kama angerudi au la, maana halikuitwa. Honi ililia tena. Begi lilikuwa zito, akalihamishia mkono wa kushoto, akakata kona.